Leo Mmesoma Nini?

Wewe uliye jikoni unakaanga kitunguu, wewe uliyekwama kwenye foleni ya barabara ya 270, wewe unayevaa viatu kwenda zamu ya usiku, karibu. Leo nataka tuzungumze habari za madaftari ya watoto wetu wa darasa la nne na la tano, hapa hapa Gaithersburg, Maryland.

Naanza na swali. Mara ya mwisho ulipomuuliza mtoto wako, "Leo mmesoma nini?", alikujibu nini? Wengi mtaniambia alijibu, "Hamna kitu." Akatupa begi mlangoni, akafungua friji, mazungumzo yakaishia hapo. Na wewe, kwa uchovu wa kazi, ukaliacha. Pengine hata ukashukuru, maana ndani ya moyo kuna hofu ndogo tunayoificha: je, akinionyesha kazi yake nikashindwa kuielewa? Kiingereza chao si changu, shule yao si ile niliyosoma mimi.

Hofu hiyo naijua. Nimekaa nayo. Na jioni ya leo nimekuja na jambo moja tu, nitalirudia mara nyingi: yale wanayosoma watoto wetu si mageni kwetu kama tunavyodhani. Mengi tunayajua, tena tunayajua kwa Kiswahili. Kinachokosekana ni sisi kukaa mezani.

Kwa wiki kadhaa sasa nimekuwa nikichungulia madaftari. Ya mtoto wa kaka yangu, ya watoto wa jirani, na ya binti mmoja ambaye mama yake ni mtu wa Kindu, Kongo. Tuyafungue pamoja.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayotupiga chenga wazazi wengi. Chukua 23 mara 14. Mimi niliyesoma shule ya msingi Tanga nilifundishwa kuzipanga juu na chini: nne mara tatu kumi na mbili, andika mbili, beba moja, na kadhalika. Mtoto wa darasa la nne hapa anafanya vingine. Anachora kisanduku kikubwa, anakigawa vyumba vinne. Ile 23 anaivunja kuwa 20 na 3. Ile 14 anaivunja kuwa 10 na 4. Halafu anazidisha chumba kwa chumba: 200, na 80, na 30, na 12. Anajumlisha, anapata 322.

Mwaka mmoja nilimfutia mtoto wa kaka yangu visanduku vyake. Nilichukua ufutio nikafuta ukurasa mzima, nikamwambia, "Acha michoro, fanya hesabu." Nikamwonyesha njia yangu. Alikaa kimya akaandika nilivyotaka. Kesho yake nilipomwambia alete daftari, alisema amelisahau shule. Hakuwa amelisahau. Lilikuwa chini ya godoro.

Sikilizeni sasa nilichokuja kujifunza baadaye. Maryland, kama majimbo mengi ya Marekani, ilipokea viwango vya pamoja vya hesabu mwaka 2010. Kwa viwango hivyo, mtoto wa darasa la nne anazidisha kwa kuvunja namba na kwa visanduku, ili aone namba kubwa imeundwa na nini. Ile njia yetu ya juu na chini ipo, haikufutwa, bali inatarajiwa kukamilika darasa la tano. Kwa hiyo mzazi hakukosea, na mwalimu hakukosea. Mzazi amewahi mwaka mmoja tu. Tazama vizuri vile vyumba vinne: ni hesabu ileile uliyoifanya wewe, ila kile ulichokuwa "unakibeba" kichwani, mtoto amekiweka wazi kwenye karatasi. Mwambie akueleze kila chumba kimetoka wapi. Akishamaliza, mwonyeshe yako, kisha mlinganishe majibu. Ufutio uache mezani.

Tusonge kwenye sehemu. Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi, maana hapa ndipo nilipoona mwanga.

Darasa la nne wanajumlisha sehemu zenye asili moja: robo na robo, thumuni tatu na thumuni mbili. Darasa la tano wanaletewa sehemu zenye asili tofauti, na hapo ndipo machozi huanza. Binti wa yule mama wa Kindu alikuwa ameinama juu ya swali moja: thumuni moja jumlisha sudusi moja. Yaani moja ya nane na moja ya sita. Ameshaandika mbili ya kumi na nne, amefuta, ameandika tena. Karatasi ilikuwa imechanika pale alipofuta.

Nikamuuliza, "Unajua babu yangu alikuwa akiifanya hesabu hii bila karatasi?" Akaniangalia. Babu yangu Tanga alikuwa mtu wa kuitwa kwenye mirathi. Mtu akifariki, na ndugu wakakaa kwenye mkeka, yeye ndiye aliyekuwa akigawa kwa sheria ya Kiislamu. Chukueni mfano mwepesi. Mwanamume amefariki. Ameacha mke, ameacha mama yake mzazi, na ameacha mtoto mmoja wa kiume. Mke, kwa kuwa kuna mtoto, anapata thumuni. Mama anapata sudusi. Kinachobaki ni cha mtoto. Je, kinabaki kiasi gani?

Babu hakuwa na ubao. Alikuwa na kokoto. Alihesabu kokoto 24, akaziweka kwenye mkeka. Kwa nini 24? Kwa sababu 24 inagawanyika kwa nane na inagawanyika kwa sita, na hakuna namba ndogo zaidi ya hiyo yenye sifa hizo mbili. Sisi shuleni tuliiita kigawe kidogo cha shirika. Thumuni ya kokoto 24 ni kokoto 3. Sudusi yake ni kokoto 4. Jumla 7. Zinabaki 17, za mtoto. Hakuna anayegombana, kila mtu ameona kwa macho yake.

Yule binti alikwenda jikoni, akachukua maharage. Akahesabu 24. Akatoa matatu, akatoa manne. Akaandika: 7 ya 24. Halafu akaandika jambo ambalo hakuulizwa: 17 ya 24, na pembeni akachora kijana.

Yeye si Mwislamu, na mama yake hakuwahi kuyasikia maneno thumuni na sudusi. Hayo hayakudhuru kitu. Ungeweza kufanya hivyohivyo kwa chapati, au kwa uwanja wa urithi wa ukoo wowote. Ninachotaka ukione ni hiki: lugha yetu ina majina kamili ya sehemu. Nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Ile senti hamsini tuliyokuwa tukiiita sumni tukanunulia kashata, jina lake ni thumuni hiyohiyo. Wazee wetu waliishi na sehemu sokoni, shambani na msibani. Sasa mtoto akikuambia anasoma sehemu, utasema mimi siyajui hayo?

Narudia, kwa yule aliyefungua redio sasa hivi: yale wanayosoma watoto wetu si mageni kwetu kama tunavyodhani.

Vipimo nitavigusa tu. Watoto wa darasa la nne na la tano wanajifunza kubadili kilo kuwa gramu na mita kuwa sentimita, na papo hapo wanajifunza futi, inchi na ratili, maana Marekani inatumia zote mbili. Katika kilo na mita, mzazi aliyekulia Afrika Mashariki yuko mbele ya wazazi wengi wa hapa. Tumia nafasi hiyo. Mpe mtoto kikombe, mweleze vibaba vinne ni pishi moja, mweleze kwa nini wanunuzi walikuwa wakigombana na mwenye duka ambaye kibaba chake ni kidogo. Kisha mwambie kwamba taasisi ya taifa ya viwango na vipimo, inayoangalia kipimo cha Marekani kisidanganye, iko hapa hapa Gaithersburg, ilihamia mji huu mwaka 1966 kutoka Washington. Basi la shule huenda linapita karibu nayo kila asubuhi.

Sasa tuje kwenye sayansi. Hapa kuna somo moja la darasa la tano ninalolipenda kuliko yote, na nimelifanya kwa mikono yangu. Ni somo la vivuli.

Mtoto anatakiwa aonyeshe jinsi kivuli kinavyobadilika urefu na upande tangu asubuhi hadi jioni, jinsi mchana unavyorefuka na kufupika kwa majira, na nyota zipi huonekana wakati gani wa mwaka. Mtoto wa kaka yangu alikuja na kazi hiyo siku chache baada ya ile Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa zinaporudishwa nyuma na jioni inakuwa kama imekatwa kwa kisu. Tukang'oa mpini wa fagio. Tukaukata mita moja kamili. Tukateremka nao kwenye maegesho ya magari nyuma ya nyumba, tukausimamisha ndani ya ndoo ya mchanga, na chaki mkononi.

Asubuhi kivuli kilivuka magari mawili. Kila saa mtoto alitia alama kwa chaki na kuandika saa pembeni. Kivuli kikawa kinafupika na kugeuka, kinafupika na kugeuka. Karibu na saa sita mchana kilifika ukomo wa ufupi wake, kikaelekea kaskazini barabara. Tukakipima: sentimita 147. Yaani mchana wa jua kali, saa ambayo sisi Tanga tunasema mtu anakanyaga kivuli chake, kivuli cha hapa kilikuwa kirefu kuliko fimbo yenyewe kwa karibu nusu.

Mtoto akauliza, "Shangazi, Tanga kingekuwa na urefu gani?" Nikasema, tuulize. Nikampigia binamu yangu aliye Tanga, nikamwomba kesho yake, saa sita mchana, asimamishe fimbo ya mita moja uani na apime. Sisi tulikuwa usingizini, maana kwa majira haya Tanga imetutangulia saa nane. Tulipoamka picha ilikuwa imefika kwenye simu: ua umefagiliwa, fimbo imesimama, kuku mmoja pembeni, na kivuli kifupi kama kiganja na kidogo zaidi. Sentimita 20.

Mtoto alichora fimbo mbili kwenye ukurasa mmoja. Chini ya moja akaandika Gaithersburg, 147. Chini ya nyingine akaandika Tanga, 20. Siku ileile karibu, jua lilelile. Kwa nini? Kwa sababu dunia ni tufe, na sisi hapa tumesimama mbali sana kaskazini mwa ikweta, jua linatupata kwa upande. Tanga iko jirani na ikweta. Mapema Machi na mapema Oktoba jua la adhuhuri husimama utosini pale, kivuli kikatoweka kabisa. Hapa Gaithersburg jua halisimami utosini hata siku moja ya mwaka. Hata Juni, siku ya jua la juu kuliko zote, fimbo ya mita moja inabaki na kivuli cha sentimita 28 hivi. Na Desemba, siku fupi kuliko zote, kivuli cha adhuhuri kinakaribia mita mbili.

Wasikilizaji wa pwani, hapa kuna jambo lenu kabisa. Unakumbuka msimu wa kusi? Miezi ile jua liko kaskazini yetu, na kivuli cha adhuhuri kinaelekea kusini. Ukija msimu wa kaskazi, jua limekwenda kusini yetu, kivuli cha adhuhuri kinaelekea kaskazini. Kivuli kinaelekea kule upepo unakotoka, jina la upepo na upande wa kivuli vinalingana. Nahodha wa jahazi hakuhitaji kitabu kulijua hilo. Mtoto wako wa darasa la tano anaweza kulieleza darasani akawa yeye peke yake anayelijua.

Na saa zetu je? Mara ngapi watoto wametuuliza kwa nini saa moja ya Kiswahili ni saa saba ya huku? Wengine wanadhani tumekosea. Jibu limo kwenye somo hilihili. Karibu na ikweta mchana hauchezi mbali na saa kumi na mbili mwaka mzima. Jua linachomoza, unaanza kuhesabu: saa moja, saa mbili, hadi saa kumi na mbili linapozama. Ni hesabu inayofuata jua. Jaribu kuitumia Gaithersburg: Desemba mchana una saa tisa na nusu hivi, Juni unakaribia saa kumi na tano. Saa yetu haikukosea. Ilitengenezwa mahali ambapo mchana na usiku ni pacha.

Wale mnaoswali, mna somo la ziada. Alasiri inaingia, kwa madhehebu ya Shafii tuliyoyazoea pwani, pale kivuli cha kitu kinapofikia urefu wa kitu chenyewe ukiongeza na kile kivuli cha adhuhuri. Siku ile kwenye maegesho, 100 na 147, ni 247. Tulingoja na chaki hadi kivuli kikafika alama ile. Kabla ya saa tisa alasiri kilikuwa kimefika. Mtoto alikimbia ndani kuitazama ratiba ya swala kwenye simu, akarudi anacheka.

Kabla sijaondoka kwenye jua, kuna kitu kimoja cha mji huu ambacho wengi wetu tunakipita bila kukitazama. Kwenye mtaa wa DeSellum Avenue kuna kijumba kidogo cha mbao, paa lake lilitengenezwa lifunguke. Kilijengwa mwaka 1899. Mwaka 1891 mtaalamu mmoja Mmarekani, Seth Chandler, alikuwa ameonyesha kwamba mhimili wa dunia hauko tuli kabisa, unayumba kwa mita chache, kama pia inayozunguka na kichwa chake kikatikisika. Ili kuupima mtikisiko huo, vikachaguliwa vituo sita duniani vilivyo kwenye mstari mmoja wa latitudo, nyuzi 39 na dakika 8 kaskazini: Mizusawa huko Japani, Carloforte huko Italia, kimoja katika nchi inayoitwa leo Turkmenistani, na vitatu Marekani, yaani Ukiah, Cincinnati na Gaithersburg. Watazamaji wa vituo hivyo wote walikuwa wakitazama nyota zilezile zinapopita juu ya vichwa vyao. Mtu alikuwa akikaa ndani ya kijumba kile usiku wa baridi, paa wazi, anaandika alichokiona. Kazi hiyo, ingawa ilisimama kwa miaka kadhaa katikati, iliendelea hadi mwaka 1982.

Mpeleke mtoto akione, hata kwa nje tu. Mwambie mji anaoishi ulichaguliwa kwa sababu ya mahali ulipokaa juu ya dunia. Mtoto anayejihisi mgeni anahitaji kujua hilo. Nasema hivyo kwa sababu nimeona uso wa mtoto alipolijua.

Sasa, wasikilizaji, tuje kwenye somo zito. Darasa la nne husoma historia ya Maryland, na huwezi kuisoma historia ya Maryland ukaruka utumwa. Watoto wanakuja nyumbani na jina la Harriet Tubman, aliyezaliwa mashariki ya ghuba ya Chesapeake, akatoroka utumwani mwaka 1849, kisha akarudi mara kumi na kadhaa kuwatoa wengine, watu wapatao 70. Mtoto anakuja na jina hilo na maswali. Na wazazi wengi tunanyamaza. Tunasema hayo ni mambo ya Waamerika.

Sikubaliani na hilo, na nitasema kwa nini.

Kwanza, mambo hayo yalitokea hapa tulipo. Kwenye wilaya yetu hii ya Montgomery, mtu anayeitwa Josiah Henson alikuwa mtumwa kwenye shamba la Isaac Riley. Alidanganywa bei ya uhuru wake. Mwaka 1830, akiwa amepelekwa Kentucky, alitoroka na mkewe na watoto wao wanne. Watoto wawili wadogo hawakuweza safari ya miguu, hivyo mkewe alimshonea mfuko mkubwa wa mgongoni, akawabeba humo. Walitembea usiku na kujificha mchana, hadi wakafika Kanada. Maisha yake aliyachapisha kitabuni mwaka 1849, na ndiyo yaliyompa Harriet Beecher Stowe mfano wa riwaya yake maarufu ya mwaka 1852. Pale lilipokuwa shamba la Riley, huko North Bethesda, pana makumbusho yenye jina la Henson, yaliyofunguliwa mwaka 2021. Ni mwendo mfupi kwa gari kutoka hapa.

Pili, na hili ndilo linaloniuma, sisi tuna upande wetu wa habari hiyo. Maryland ilifuta utumwa kwa katiba mpya iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 1864. Wakati huo soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa bado liko wazi. Lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba alioutia sahihi Sultani Barghash, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria kisiwani hadi 1897. Watu waliouzwa sokoni pale walitoka wapi? Walitoka bara, wengine mbali kabisa, kutoka Maniema, kule uliko mji wa Kindu. Yule mama wa Kindu aliposikia binti yake akisoma kwa sauti habari za Tubman, aliweka chini kisu cha kukatia mboga. Akasema, "Kwetu walipita watu wa Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa watumwa. Bibi yake bibi yangu alikuwa akifichwa ndani ya shimo la mihogo." Binti hakuwahi kulisikia hilo. Miaka kumi ameishi na mama yake, hakuwahi kulisikia. Akaweka kalamu chini. Wakazungumza hadi chakula kikapoa.

Kiswahili chenyewe wanachokizungumza wawili hao kilifika Maniema kwa misafara ileile. Ni jambo gumu kumwambia mtoto wa miaka kumi. Lakini mwalimu wake darasani anamwambia magumu kama hayo, kwa maneno ya kitoto na kwa uangalifu. Mzazi ashindwe kwa nini? Mwambie kadiri ya umri wake. Usimwachie aamini kwamba Afrika kwenye somo hilo ni mahali meli zilipotoka tu.

Kusoma na kuandika nitapita haraka. Wanafundishwa kutoa hoja na kuonyesha ushahidi kutoka kwenye kifungu walichosoma. Mzazi unaweza kulifanya hilo kwa hadithi ya sungura na fisi. "Unasema sungura ni mwerevu. Umejuaje? Nionyeshe wapi." Basi. Hilo ndilo mwalimu analolitaka, na linafanyika kwa lugha yoyote ile.

Ndiyo maana nasikitika nikisikia mzazi akimwambia mtoto, "Acha Kiswahili, zungumza Kiingereza ili ufaulu." Ndugu zangu, mtoto aliyekwisha kuelewa kivuli kwa Kiswahili hakosi kukielewa kwa Kiingereza, anabadili maneno tu. Kiingereza atakipata. Yuko nacho kutwa nzima, shuleni, kwenye basi, kwenye televisheni. Kiswahili hana pa kukipata ila kwako.

Na neno moja kwa wenye mikutano na walimu msimu huu. Usimfanye mtoto mkalimani wako. Nimeona mtoto wa darasa la tano amekaa katikati ya mama na mwalimu, akitafsiri habari zake mwenyewe, akitupa yale mabaya na kuzidisha mazuri. Si kosa lake, ni mzigo ambao si wa umri wake. Kwa msingi wa Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964, shule inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kuhakikisha mzazi anaelewa habari za mtoto wake kwa lugha anayoijua. Omba mkalimani mapema, siku kadhaa kabla ya mkutano. Hulipi kitu. Huombi fadhila. Nenda na swali moja umeliandika: mwezi ujao watasoma nini, ili na mimi nijiandae nyumbani?

Muda wetu unakwisha, mtayarishaji ananionyesha saa. Basi nawaomba hivi. Jioni ya leo usimuulize mtoto "shule ilikuwaje," maana atakujibu "nzuri" na kuondoka. Mwambie akufundishe kitu kimoja alichojifunza leo, akufundishe kwa Kiswahili, hata kama atachanganya. Zima televisheni. Weka simu kifudifudi. Asipopata neno, mtafutie. Usipoelewa, mwambie arudie. Na kama ana somo la vivuli, mpini wa fagio upo nyuma ya mlango, na Jumamosi, Mungu akijalia, jua litatoka.